Mlango wa Loliondo

Magdalena alikwenda Kilombero kutafuta dirisha, akakuta mlango wa kwao.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, mwaka elfu mbili na moja. Baridi ilikuwa imelala juu ya Arusha tangu alfajiri na Mlima Meru hauonekani kabisa, kana kwamba watu wameubeba usiku wakaupeleka kwingine. Alikuwa amevaa sketi ya buluu ya marinda, sweta la kijani alilofumiwa na shangazi yake, na viatu vya mtumba alivyovipaka rangi mpaka ungeapa ni vipya. Baba yake, Mzee Thomasi, alikuwa anaishi Kikwe katika chumba chenye dirisha la gunia, na kifua chake hakikulipenda gunia hilo. Ndiyo maana Magdalena alikuwa anapita nyuma ya wauza mkaa, upande ule wa soko ambako mafundi wanauza milango na madirisha yaliyong'olewa kwenye nyumba za zamani. Randa zinalia, nyundo zinajibu, gundi inanuka, na katikati ya vumbi lote hilo mama mmoja anakaanga vitumbua bila wasiwasi.

Kwenye kibanda cha mwisho, nyuma kabisa, aliuona. Ulikuwa umesimamishwa pamoja na fremu yake kama mlango wa kuingilia stoo. Mbao za loliondo, rangi ya chai ya rangi, zenye mistari myeusi inayopanda kama moshi. Paneli sita. Ile ya chini kulia ilikuwa na fundo la mti lenye umbo la jicho la ng'ombe. Alipokuwa mdogo alikuwa akiliogopa jicho hilo wakati wa kwenda kulala, mama yake akawa analifunika kwa kiganja mpaka apite.

Magdalena aliwasahau watu wote. Alisogea akaweka kiganja chake juu ya lile jicho.

"Dada, huo hauuzwi," sauti ikasema nyuma yake.

"Sijauliza bei."

"Unaushika kama mtu anayetaka kuuliza bei."

"Naushika kama mtu anayesalimia."

Alikuwa kijana mrefu, aproni ya turubai kiunoni, penseli sikioni, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi akaonekana kama mzee wa kuigiza. Alitaka kutania tena, lakini kitu kwenye uso wa msichana huyo kilimzuia. Magdalena aligeuka, akavua viatu, akasimama pale kwenye vumbi huku mgongo wake umeegemea fremu na visigino vimebanwa nyuma, kama alivyokuwa akisimamishwa kila Krismasi. Kando ya bega lake, kwenye ubao, kulikuwa na alama ya patasi. Chini yake nyingine, na nyingine, mpaka magotini.

Penseli ilianguka chini.

"Ni wewe," kijana akasema polepole.

"Ni mimi nani?"

"Mtoto wa alama. Nina miaka tisa naziangalia hizi. Kila nikisubiri gundi ikauke nazihesabu. Kumi na moja, halafu basi. Anarefuka, anarefuka, halafu haji tena. Nilidhani alikufa."

"Hakufa," Magdalena akasema. "Alihamishwa."

Wakatazamana. Yule mama wa vitumbua aligeuza kitumbua chake, akawatazama, akageuza kingine.

"Umeupata wapi?"

"Baba yangu aliuleta nyumbani nikiwa na miaka kumi na minane. Akasema usiuzwe, una mwenyewe."

"Baba yako anafanya kazi gani?"

Kijana aliinama kuiokota penseli. Aliiokota, akainama tena kama vile hajaiokota. "Ni mzee sasa. Amestaafu. Mimi naitwa Hatibu."

"Magdalena."

"Basi Magdalena, vaa viatu, baridi itakuingia. Na useme ulikuja kutafuta nini, maana mlango huu hata ukinilipa leo siwezi kukufungia. Nautazama nikiamka, nautazama nikifunga kazi. Ni kama umeniomba nikuuzie mlima."

Siku hiyo alirudi na dirisha la mninga lililotiwa vioo, na bei yake ilikuwa ndogo ya kuona haya.

*

Magdalena alikuwa anafanya kazi kwenye duka la kuchapa na fotokopi la Bi Rukaiya, karibu na Mnara wa Saa. Simu ya mezani ilikaa juu ya kitambaa cha viraka alichokishona Bi Rukaiya mwenyewe, na kuanzia Jumatatu haikupumzika.

"Halo, hapo ni kwa mtoto wa alama?"

"Hapa ni dukani," Bi Rukaiya akajibu. "Wewe ni mteja au ni maradhi?"

"Ni fundi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Fundi wa nini anayepiga simu kila saa sita na nusu kama adhana? Magda, njoo, fundi wako amekuja na msumari mwingine."

Magdalena alishika simu kwa mikono miwili. "Unasemaje?"

"Dirisha linafunguka vizuri?"

"Ulishaniuliza jana."

"Jana niliuliza kama linafungwa. Leo nauliza kama linafunguka."

"Linafunguka. Baba anasema sasa anauona mlima akiwa kitandani, ukijaliwa kuonekana."

"Basi mpenzi, mimi sina la zaidi."

"Umeniita nani?"

"Salio limekwisha," Hatibu akasema, na simu ikakatika, na Magdalena akabaki anacheka peke yake mbele ya mteja aliyeleta cheti cha ubatizo kutolewa kopi.

Hatibu alikuwa na simu ya mkononi kubwa kama sabuni ya kufulia, ameinunua na fundi mwenzake nusu kwa nusu, wanapokezana wiki. Wiki isiyokuwa yake alikuja mwenyewe, amevaa shati jeupe la mikono mirefu lililopigwa pasi ya mkaa, na karanga kwenye karatasi. Walitembea mpaka Mto Themi, wakakaa kwenye ukuta wa daraja. Alimweleza jinsi mbao inavyovimba kwenye mvua na kusinyaa kiangazi, na kwamba fundi mzuri huuachia mlango nafasi ya kupumua. Naye Magdalena alimweleza juu ya baba yake, aliyekuwa seremala wa chuo cha misitu Olmotonyi, na jinsi alivyouchagua mti wa loliondo ukiwa bado umesimama msituni, akangoja miaka miwili mbao zikauke ndipo akaanza kuchonga.

"Miaka miwili kwa ajili ya mlango mmoja," Hatibu akasema, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa muujiza.

"Alisema nyumba ni mlango. Zingine ni kuta tu."

Bi Rukaiya aliyaona yote hayo akawa anatafuta pa kuanzia. "Magda, mwanangu. Wewe Mmeru wa Kilutheri, yule Mrangi wa Ngarenaro, baba yake anakwenda msikitini hata mvua ikinyesha. Mmeshafikiria?"

"Tunafikiria karanga tu, Bi Rukaiya."

"Karanga ndizo zilizoniponza na mimi," Bi Rukaiya akasema, akaweka karatasi kwenye mashine.

*

Jumapili moja ya Agosti, Magdalena alipofika Kikwe baada ya ibada, alimkuta baba yake amekaa nje kwenye kigoda, koti la kanisani bado mwilini, bahasha ya kaki juu ya goti. Nyuma yake ilikuwa migomba, kisha mfereji, kisha lile kaburi la mama lenye msalaba wa saruji na maua ya njano. Kihamba hicho cha migomba ndicho kilichokuwa mali yote waliyobaki nayo.

"Mtendaji ameleta hii," Mzee Thomasi akasema. "Amenisainisha. Nisomee."

Magdalena alikuwa ameshachapa barua za namna ile nyingi sana, za watu wengine. Aliisoma mara mbili kabla sauti haijatoka. Barua ilisema kwamba nyumba yao ya Engutoto ilipouzwa kwa mnada mwaka tisini na mbili, fedha iliyopatikana haikutosha kulipa mkopo. Salio lilibaki, na riba imekuwa ikiongezeka juu yake. Benki ile ilishavunjwa, na madeni yake yamekabidhiwa ofisi nyingine mjini. Mdaiwa afike kulipa ndani ya siku thelathini, ama sivyo ofisi itaomba amri ya kukamata mali yake nyingine, pamoja na shamba la Kikwe. Chini kabisa paliandikwa kiasi. Tarakimu zilikuwa saba, na ya kwanza haikuwa moja.

"Baba, ulikuwa unajua?"

Mzee Thomasi alinyanyuka, akaingia ndani, akarudi na kopo la mafuta ya kupikia lenye kutu. Ndani yake kulikuwa na barua kumi na nne, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Nyingine zilikuwa zimeliwa pembeni na mende. Stempu zilianza na za mwisho wa enzi ya ruksa, enzi ya biashara huria alipokopa kununua mashine ya kupasua mbao, zikaendelea mpaka za mwaka jana.

Magdalena alilitazama kopo kama mtu anayetazama kisima kirefu.

"Nilidhani tumeachana nao," baba yake akasema. "Mimi najua hivi: ukimwekea mtu ng'ombe rehani, ukashindwa, anakuja anamchukua ng'ombe wake. Mnapeana mkono. Harudi kesho kukudai kwamba yule ng'ombe alikuwa amekonda. Nyumba wamechukua. Sikuona wana barua gani tena ya kuniandikia."

"Lakini ungezifungua."

Mzee alimfukuza kuku aliyepita kati yao. "Kila nikiishika bahasha nasikia kengele ya yule dalali. Alisimama mlangoni kwangu akaigonga, majirani wakatoka, na mama yako akiwa ndani anakunja mashuka. Nikaona nikifungua, kengele itatoka humo."

Aliporudi mjini Magdalena alimpigia Hatibu kutoka kibanda cha simu, akamwambia yote: salio, siku thelathini, kaburi la mama kando ya mfereji. Alitegemea utani, au pole. Upande wa pili randa iliyokuwa ikilia ilisimama.

"Hatibu?"

"Nipo." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Jumapili ijayo nataka kuja kumwona mzee. Kuna jambo inabidi nilisemee mbele yake."

Magdalena aliweka simu chini. Alidhani analijua jambo lenyewe.

*

Alijitayarisha kama mtu anayepokea wageni wa posa. Alipika loshoro ya mahindi na maziwa mgando, akafagia uwanja mpaka udongo ukang'aa, akavaa gauni la kitenge cha zambarau lenye mikono ya puto. Asubuhi ile mawingu yalipasuka, na Meru ukatoka mzima, mweusi juu na kijani chini, karibu mno mpaka mtu anashusha sauti bila kuambiwa. Hatibu alikuja kupitia njia ya mfereji akiwa na kilo mbili za sukari na majani ya chai, akasimama kwanza kuutazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Wewe ndiwe fundi wa dirisha. Umelifunga vizuri, umeacha nafasi ya mbao kupumua. Nani alikufundisha?"

"Nilijifunza kwa kuutazama mlango mmoja, mzee."

Mzee Thomasi alicheka, akapenda jibu hilo. "Na ninyi ni wa wapi? Baba yako ni nani?"

Magdalena alikuwa anamimina chai. Aliona mikono ya Hatibu ikishikana.

"Ndilo lililonileta, mzee. Baba yangu ni Mzee Uwesu wa Ngarenaro."

Birika lilibaki hewani.

"Uwesu," Mzee Thomasi akarudia. "Uwesu dalali? Mwenye kengele?"

"Ndiye. Nilitaka kusema kwamba..."

"Kwanza walikuja na kengele," mzee akasema taratibu, akiwa anasimama, "sasa wamekuja na sukari."

"Mzee, naomba unisikilize."

"Sina mlango wa kukuonyesha, ulishachukuliwa. Kwa hiyo nakuonyesha njia."

Hatibu alimgeukia Magdalena. Uso wake ulikuwa umekauka. "Ulijua tangu lini?" Magdalena akamwuliza.

"Tangu wiki ya kwanza. Nilimtajia baba jina lako, akaniambia. Nikaogopa kukwambia. Shuleni waliniita mtoto wa kengele, Magda. Nikaona wewe unaniita Hatibu tu, nikapenda niitwe hivyo siku chache zaidi."

"Ukaniacha nikupigie simu nikueleze siku tulizobakiwa nazo. Mtoto wa dalali. Labda mlikuwa mnazihesabu pamoja."

"Si kweli."

"Chukua sukari yako."

Hakuichukua. Aliondoka na njia ile ile ya mfereji, kichwa chini, na mlima nyuma yake ulikuwa umeshafunikwa tena.

*

Wiki mbili simu ya dukani ilipiga kelele saa sita na nusu, na Bi Rukaiya akajibu kwa sentensi ile ile: "Anasema hayupo, na mimi nimechoka kusema hayupo wakati namwona." Magdalena alichapa barua tatu za kuiomba ofisi ile huruma, akazichana zote. Zilibaki siku nane.

Siku hiyo, jua limeanza kutoka mawinguni, mlango wa duka ukafunguliwa na fimbo. Nyuma ya fimbo alikuja mzee mwembamba, kanzu safi, koti la suti juu yake, jicho moja limefunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Kwapani alikuwa na kitu kilichofungwa kwa kanga kuukuu. Bi Rukaiya alimtambua, akamsogezea kiti.

"Namtafuta binti wa Thomasi seremala."

"Shikamoo. Ni mimi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Uwesu. Nimekuja bila kengele."

Magdalena alitaka kukasirika, lakini mzee alikuwa anahema, na tayari alikuwa anafungua fundo la kanga. Ndani kulikuwa na kitabu kikubwa cha jalada jekundu. Alikifungua na kukipapasa kwa kidole mpaka akafika mahali. Mwandiko ulikuwa wa wino wa buluu, herufi zimesimama wima kama askari, na kila mnada una mistari yake: tarehe, nyumba, hali ya hewa, waliohudhuria, aliyelia.

"Uliandika na waliolia?" Magdalena akauliza kwa sauti ndogo.

"Walinilipa kuuza. Hakuna aliyenilipa kuandika hayo, nikayaandika mwenyewe. Nisomee hapo, macho yangu hayafiki."

Magdalena akasoma. Nyumba ya Engutoto, Machi. Mama wa nyumba hakutoka nje. Mnunuzi mfanyabiashara wa Babati, ametoa robo ya bei papo hapo, risiti imeandikwa, robo imepelekwa benki siku ile ile. Kisha ukurasa uliofuata: Mei, nyumba ile ile. Mnunuzi wa kwanza ameshindwa kumalizia, robo yake imepotea kwa mujibu wa masharti. Mnada wa pili. Mnunuzi mwingine, bei ya chini.

Alisoma tena. "Iliuzwa mara mbili?"

"Mara mbili. Na ile robo ya wa kwanza, kwa sheria ya mnada, hairudishwi. Inakwenda kupunguza deni la baba yako. Mwanangu aliponieleza juu ya barua yenu na kiasi walichoandika, nikakaa usiku kucha nikipiga hesabu kichwani. Haiwezekani kiwe kikubwa hivyo. Ile robo haikuingizwa. Risiti hii hapa, imebandikwa."

Ilikuwepo kweli, ya manjano, na muhuri wake.

Bi Rukaiya alikuwa ameacha kufanya kazi. Magdalena aliketi chini kwenye rundo la karatasi. Miaka tisa deni lile lilikuwa limekaa juu ya nyumba yao kama jiwe, na huko Ngarenaro, umbali wa kutembea kwa miguu, karatasi ndogo ya manjano ilikuwa ikisubiri ndani ya kanga.

"Kwa nini hukutuletea?"

"Sikujua mnadaiwa. Nilidhani na mimi kwamba wameachana nanyi. Lakini mlango nilijaribu kuuleta. Kati ya mnada na mnada nyumba ilikaa tupu, wezi wakaanza kung'oa vitu. Niliutazama ule mlango nikashindwa. Nikauondoa na fremu yake nikauficha kwangu. Mnunuzi wa pili akakuta tundu, akapunguza bei, akaweka geti la chuma. Kwa hiyo ule mlango sikuuuza mimi wala hakuununua mtu. Mwaka uliofuata nilikwenda Kikwe kumwambia baba yako. Aliniona kwa mbali, akaingia migombani. Nikakaa nje mpaka jua likageuka."

"Naye alidhani una kengele."

"Nilikuwa na ndizi mbivu," Mzee Uwesu akasema. Alifunga kitabu. "Hatibu amekosea kunyamaza. Hilo amelipata kwangu, mimi ndiye niliyemfundisha kuona haya. Anakaa hapo nje tangu asubuhi, amekataa kuingia mpaka aitwe."

Magdalena alitoka. Hatibu alikuwa amesimama chini ya ukuta wa jengo la pili, aproni bado kiunoni, penseli sikioni.

"Hukulala," Magdalena akamwambia.

"Sikulala."

"Una vumbi kwenye nyusi."

"Nimelizoea."

Alilifuta kwa ncha ya sweta lake la kijani, taratibu, upande mmoja na wa pili. "Ukiwa na jambo, uniambie," akasema. "Hata kama ni baya. Nyumbani kwetu tuna kopo zima la mambo ambayo hayakufunguliwa. Siwezi kuanza kopo lingine na wewe."

"Nitakuambia. Naanza sasa. Ile sukari nilikopa dukani, mpaka leo sijailipa."

Magdalena alicheka mpaka akajishika ukuta.

*

Kumleta Mzee Thomasi mjini kulichukua siku mbili za maneno, na siku ya tatu aliingia kwenye ile ofisi amebeba kopo lake kifuani. Wazee wawili walisalimiana bila kutazamana. Walikaa kwenye benchi moja, katikati yao kitabu chekundu.

Afisa aliitwa Bwana Solomoni, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alilitazama kopo.

"Mzee, barua zetu ulizipata?"

"Nilizipata."

"Ulizisoma?"

"Hapana. Niliogopa."

Bwana Solomoni alivua miwani. "Wewe ni wa kwanza kuniambia ukweli mwaka huu. Wengine wote wanasema posta imezila." Akavuta jalada. "Sasa nisikilize. Nyumba kuchukuliwa hakufuti deni lililobaki. Hilo ulilisaini. Lakini una haki ya kuuliza tumelifikiaje, na kila kilicholipwa lazima kionekane. Mngeuliza mapema, ingekuwa rahisi."

Alisoma kitabu chekundu kwa muda mrefu, akapeleka kidole kutoka mstari mpaka mstari, akaitazama risiti kwenye mwanga wa dirisha. Alipofika kwenye "mama wa nyumba hakutoka nje" alisimama kidogo, akamtazama Mzee Uwesu, akaendelea. Aliandika barua ya kusimamisha siku zile thelathini mpaka hesabu ikaguliwe, akaigonga muhuri.

Ukaguzi ulichukua wiki saba. Jibu lilipokuja, Magdalena aliweka bahasha mezani mbele ya baba yake. Mzee Thomasi aliitazama sana. Kisha akachukua kisu cha kuchongea, akaifungua mwenyewe, vizuri, kama anayefungua kifuniko cha mbao asikipasue.

Hakukuwa na kengele ndani. Robo ilikuwa imeonekana, riba iliyopanda juu yake imeondolewa, na riba ya adhabu imesamehewa ikiwa atalipa kwa mpango. Deni halikuisha. Lilikuwa limebaki kiasi ambacho ndizi, maharage na mshahara wa duka la fotokopi vingeweza kukimaliza kwa miaka mitatu, kidogo kila mwezi. Na iliandikwa wazi kwamba kihamba hakitaguswa mradi analipa.

Aliisoma barua yote kwa sauti, mpaka jina la mchapaji chini. Baada ya hapo alitoka nje, akasimama kando ya kaburi, akatazama juu. Meru ulikuwa umetoka mzima.

"Kumbe ulikuwa hapo tu," akasema, na Magdalena hakujua anaongea na mlima au na mama.

*

Mlango ulikuja Kikwe mwezi wa kumi na mbili, siku tatu kabla ya Krismasi, kwenye mkokoteni wa ng'ombe, umefungwa blanketi. Hatibu aliuelekeza njia nzima kwa mkono, kama anayemwongoza mgonjwa. Mzee Uwesu alikuja nyuma na fimbo yake na mkungu wa ndizi mbivu.

Mzee Thomasi aliuvua blanketi. Alipapasa jicho la ng'ombe, akapapasa alama moja moja tangu magotini, midomo yake ikihesabu. Alipofika ya kumi na moja alisimama, akavuta kamasi, akamkaripia Hatibu kuhusu bawaba.

Waliufunga wawili, mzee na kijana, wakabishana juu ya kila skrubu. Ulipofungwa uliufanya ukuta wa udongo nyuma yake uonekane kama wa bandia. Majirani walikuja wakasimama mbali kidogo, kama watu wanaopita kanisani katikati ya wiki.

"Magdalena," baba yake akaita. "Njoo."

Alivua viatu, akabana visigino. Mzee Thomasi aliweka patasi juu ya kichwa chake, akagonga mara moja. Chembe ya loliondo ilimwangukia begani. Kati ya alama ile na ya kumi na moja palikuwa na nafasi kubwa isiyo na kitu, na wote waliitazama.

Kisha mzee akageuka, patasi bado mkononi.

"Na wewe. Simama."

Hatibu hakuelewa. "Mimi, mzee?"

"Kuna Hatibu mwingine hapa? Mambo ya kanisa na msikiti mimi na baba yako tutakaa tuyaongee, na hatutakubaliana upesi. Lakini kwangu mtu akiwa wa nyumba, anapimwa. Vua viatu."

Mzee Uwesu alishusha ndizi chini polepole, akalielekeza lile jicho lake moja zima kwenye fremu asije akakosa kuona. Hatibu alivua viatu. Alisimama wima, mkono mmoja ukautafuta wa Magdalena pembeni, akaupata.

"Usisimame kwa vidole, kijana," Mzee Thomasi akasema. "Naona visigino."

Akagonga.